Maswali ya Wasomaji: Nanukuu Sana, Alama Hazipandi

SWALI: Nasomea ualimu hapa Kampala. Kila wiki tunapewa makala ya kusoma, kisha tunaandika jibu la maneno 300. Juzi tuliulizwa kama mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, ulifanikiwa. Nilinukuu vitabu vinne, lakini karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Ushahidi uko wapi?" Mhadhiri anataka nini zaidi?
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Ndugu mwanafunzi, nukuu nne ndani ya maneno 300 ni nyingi mno. Mhadhiri anasoma maneno ya watu, wewe hakuoni. Bakiza moja, mbili zikizidi.

Anza na msimamo. "UPE ina mazuri na mabaya" si msimamo, kwani hakuna wa kuupinga. Andika jambo ambalo mwenzako darasani anaweza kulikataa, mathalani: "Karo ndiyo iliyowazuia watoto wengi kuingia shule kabla ya UPE." Kisha lete ushahidi: wanafunzi wa shule za msingi walikuwa takriban milioni 3 mwaka 1996, mwaka 1997, mpango ulipoanza, wakazidi milioni 5.

Hapo ndipo wengi huanguka. Wanaandika tarakimu, wanaweka nukta, wanahamia aya nyingine. Tarakimu ifuatwe na maelezo yako, tena yawe marefu kuliko ushahidi wenyewe: karo ilipoondolewa, watoto zaidi ya milioni 2 walijitokeza ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo hamu ya kusoma ilikuwapo, kilichokosekana ni fedha. Mtu akidai kwamba waliongezeka kwa sababu tunazaana sana, mjibu palepale: idadi ya watu haipandi kwa kasi hiyo katika mwaka mmoja. Pingamizi lililojibiwa lina uzito kuliko nukuu ya tatu.

Chunga pia mpaka wa ushahidi. Idadi ya walioandikishwa inathibitisha uandikishaji, basi. Ukitaka kudai kwamba walibaki shuleni, tafuta ni wangapi kati ya walioingia P.1 (darasa la kwanza) mwaka 1997 walifika P.7 (darasa la saba) mwaka 2003. Ukitaka kudai kwamba walijifunza, hapo unahitaji matokeo ya mitihani. Nadhani wino mwekundu ulitokea hapa: dai lilikuwa "ulifanikiwa", neno pana kama Ziwa Nalubaale (Victoria), na nukuu zako ziligusa ukingo mmoja tu.

SWALI: Je, naruhusiwa kutumia shule ya kijijini kwetu, Tororo, kama ushahidi?
Msomaji wa Mbale

JIBU: Itumie kama mfano, iwe karibu na takwimu za nchi, isichukue nafasi yake. Shule moja haiwezi kuisemea Uganda nzima. Taja mwaka, darasa, na idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja; "darasa lilijaa sana" halipimiki. Tarakimu ukiikuta gazetini na gazeti likasema imetoka UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, fungua ripoti ya UBOS yenyewe, uandike mwaka na ukurasa wake. Zile fotokopi zinazouzwa karibu na lango la chuo, zisizo na mwandishi wala tarehe, zisome kwa kujikumbusha tu, usizitaje kwenye jibu.