Funga desa kwanza

Nafundisha darasa la jioni la watahiniwa binafsi, wengi wao watu wa kazi: mama wa duka, dereva wa bodaboda, kijana anayesuka saluni. Ushauri wangu wa kwanza huwakera: fungeni desa, yaani yale maandishi mnayosomea. Kusoma ukurasa uleule mara nyingi kunapendeza, maana maneno yanazoeleka na mtu anajiona ameiva. Kwenye chumba cha mtihani anakumbuka hadi mchoro ulikuwa upande gani wa ukurasa, jibu lenyewe halioni.

Sisi tunafanya hivi. Mtu anasoma mzunguko wa damu mara moja kwa makini, anafunga daftari, anachukua karatasi tupu. Damu ya mwilini inaingia atiria ya kulia, chumba cha juu cha moyo, inashuka ventrikali ya kulia, chumba cha chini, inakwenda mapafuni… hapo kalamu inasimama. Namwacha ahangaike kidogo, kwa sababu kule kuhangaika ndiko kunakokaza kumbukumbu. Kisha anafungua, anaangalia kipande kilichomkwamisha tu, anafunga, anaanza upya.

Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa chuo. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima bila maandishi walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Wanaopiga msuli usiku mmoja wanajipima kwenye zile dakika 5, ndiyo maana wanalala na furaha.

Habari mpya huwa haiendi moja kwa moja inakokaa miaka. Inapitia hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo. Mgonjwa mmoja Mmarekani, Henry Molaison, aliondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili mwaka 1953, wakati wa upasuaji wa kutibu kifafa. Utotoni mwake alipakumbuka. Mtu aliyetoka kuzungumza naye sasa hivi akirudi, ni mgeni. Lakini mtafiti Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku hadi siku, naye hakukumbuka kuwahi kuifanya. Kijana wa saluni alilielewa hili haraka kuliko wote: vidole vyake vinasuka vyenyewe, tarehe za historia ndizo zinazomtoa jasho.

Waliopita chuo cha Kurani hawana haja ya maelezo. Hupewi somo jipya kabla hujasoma la jana kwa ghibu mbele ya mwalimu, na ya nyuma yanadurusiwa kila mara.

Kwa hiyo ratiba ninayowapa ni jioni ileile, kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, na kila mara karatasi tupu kwanza. Mama wa duka anafanya akisubiri wateja, mwenye bodaboda akiwa kijiweni. Usingizi nao unahesabiwa, maana ukiwa umelala ubongo unaendelea kuyakaza ya mchana. Usiku wa kuamkia mtihani, saa tatu ikigonga, nawafukuza wote wakalale.