Kikombe Kwanza, Penseli Baadaye: Kumfundisha Mtoto Mdogo Kuchora Vitu vya Nyumbani

Kila mzazi au mwalimu anayeshinda na watoto wadogo amewahi kukabidhiwa penseli na kuambiwa, "Nichoree." Wengi wetu tunachora, kwa sababu ni haraka na mtoto anafurahi: kikombe kinatokea mbele ya macho yake, naye anakiiga mstari kwa mstari. Kufundisha darasa la awali mjini Morogoro kumenifanya niiache desturi hiyo, kwani mtoto aliyeiga kikombe changu amejifunza kukumbuka mchoro wangu tu, na siku akitakiwa achore birika atarudi na penseli ile ile na ombi lile lile. Ushauri wangu ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minane akijue kitu kwa mikono yake na kwa kazi kinayofanya, kabla ya kuonyeshwa umbo lake kwenye karatasi.

Inafaa kwanza kufahamu mkono wa mtoto umefikia wapi. Mtoto wa miaka miwili huburuta penseli huku na huko, na hahitaji mafunzo yoyote zaidi ya karatasi kubwa. Karibu na miaka mitatu huweza kuufunga mstari ukawa duara, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mstari uliofungwa una ndani na nje, na kuanzia hapo chungwa, sahani na uso wa mama vyote vinachorika. Ndipo huja yule mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu inayoanzia kidevuni, asiye na kiwiliwili, ambaye hapaswi kukosolewa na mtu yeyote. Watoto wengi huweza kunakili mraba wanapokuwa na miaka minne hivi, na pembetatu wanapofika mitano. Tiara, wanayoipenda sana, ina pembe za mshazari ambazo huwashinda wengi hadi miaka sita au saba, kwa hiyo anayempa mtoto wa miaka minne kazi ya kuchora tiara anamtafutia machozi.

Jambo la pili la kufahamu ni kwamba mtoto huchora anachokijua kuliko anachokiona. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyeanza kwa kufuatilia michoro ya binti yake mwenyewe, alilieleza hilo kwa kina mwaka 1927. Mwaka 1972 watafiti wawili, Freeman na Janikoun, waliwawekea watoto wa miaka mitano hadi tisa kikombe ambacho mkono wake umegeuziwa nyuma usionekane, huku ua lililochorwa ubavuni likiwaelekea. Watoto wadogo kwa kawaida waliuchora mkono ambao hawakuuona na kuliacha ua waliloliona, ilhali wale waliofikia miaka minane hivi walifanya kinyume chake. Ukikirudia kipimo hicho jikoni kwako utaona jambo lile lile. Kwa mtoto wa miaka mitano, kikombe kisicho na mkono si kikombe, na kumwambia "chora unachokiona" ni kumtaka akane anachokijua. Kwa hiyo mimi huongeza kile anachokijua, nikaliacha jicho lije kwa wakati wake.

Namna ninavyofanya ni hii. Kitu huingizwa kwenye mfuko wa kitambaa kabla watoto hawajakiona, kisha mmoja mmoja anatia mkono, anapapasa na kusema anachokigusa: ni baridi, kina tundu, huku ni pana, huku ni pembamba. Wakishakitambua, kinatolewa na kutumiwa kwa kazi yake halisi. Kikombe kinatiwa maji na kunywewa, kufuli linafunguliwa na kufungwa, ungo unapepetewa mchele. Mwishoni, mtoto huzungusha kidole ukingoni mwa kitu polepole, na kidole hicho hicho kinapita hewani mara moja au mbili bila penseli. Hapo ndipo karatasi inagawiwa, na kitu kinabaki mbele yao. Katika darasa kubwa, ambako watoto sitini wanaweza kuwa na mwalimu mmoja, hupanga makundi madogo yaliyokaa duara na kitu kimoja katikati.

Mtoto akiisha kuchora, namuuliza kuhusu kazi ya kitu, kwa sababu swali la kazi hurekebisha mstari vizuri kuliko amri yoyote. Watoto wengi huubandika mkono wa kikombe kama kijiti kimoja kinachotoka ubavuni. Ningeweza kusema kwamba mkono una mistari miwili iliyopinda, na mtoto angetii bila kuelewa. Badala yake huweka kidole changu juu ya karatasi na kuuliza, "Kidole changu kitapita wapi, mwanangu?" Anatazama, anacheka, na kusema, "Hakipiti, Mwalimu," kisha anachora mkono wenye nafasi katikati. Kwa birika swali ni hili: "Tukitia chai hadi nusu, itabaki ndani?" Watoto wengi hushusha mdomo wa birika chini kabisa, na wanapotambua kwamba chai itamwagika yote mezani huupandisha wenyewe hadi usawa wa kifuniko. Kwa jembe huuliza mpini unapita wapi, kwani lisilo na tundu halitashika mpini, na mtoto aliyewahi kwenda shambani atakuwa wa kwanza kujibu. Maswali haya hayapatikani katika kitabu cha mwongozo. Yanatoka katika kitu chenyewe, na mzazi anayekitumia kila siku anayajua tayari bila kujua kwamba ni maswali ya uchoraji.

Kuhusu vitu vya kuanzia, navipendelea vyenye sehemu chache na kazi iliyo wazi: kijiko, sahani, kikombe, ndoo, ufunguo, ndala. Ndala zina faida ya pekee, kwa sababu mtoto anaweza kuweka mguu wake juu ya karatasi na kuuzungushia penseli, kisha akagundua kwamba ndala ya kushoto na ya kulia hazifanani ingawa ni jozi moja. Kiti na meza huviweka baadaye, maana miguu minne ni mtihani mgumu; watoto wengi huchora meza kama mraba uliotazamwa kutoka juu, na miguu imetawanyika kila pembe kana kwamba imekanyagwa na tembo. Huo si uzembe. Mtoto anajua kwamba meza ni mraba na ina miguu minne, naye amevionyesha vyote viwili.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni mbuzi ya kukunia nazi. Mtu mzima akitazama vibao vyake viwili vilivyopishana na ulimi wa chuma wenye meno atadhani ni kigumu mno kwa mtoto wa miaka sita, lakini watoto ambao nyumbani kwao nazi hukunwa kila siku hukichora kwa uhakika mkubwa. Huanza na kibao cha kukalia, kwa sababu ndipo wanapokaa, kisha ulimi wa chuma mbele yao, kisha bakuli chini yake, ingawa bakuli sikuliomba. Wale ambao kwao hutumiwa tui la paketi huanza na mistari ya nje na kukwama haraka. Tofauti ya vipaji haiwezi kueleza hilo. Kundi moja limekalia mbuzi na jingine halijaikalia.

Vifaa havina haja ya kuwa vya gharama. Penseli ya 2B hutoa mstari mweusi kwa nguvu kidogo, hivyo inamfaa mtoto kuliko HB. Penseli na chaki fupi ni bora kuliko ndefu, kwa kuwa kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi na humlazimisha mtoto kutumia ncha za vidole. Karatasi zikikosekana, sakafu ya saruji na chaki zinatosha, na mchanga uliosawazishwa na kijiti ni bora zaidi kwa mwenye miaka mitatu, kwani kosa linafutwa kwa kiganja. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli, na watu wakanunua. Raba siigawi kabisa katika umri huu, maana mtoto mwenye raba hufuta kuliko anavyochora.

Mkono wa mtu mzima na ubaki mbali na karatasi ya mtoto. Ukitaka kumwonyesha kitu, chora kwenye karatasi yako, mruhusu atazame, kisha ikunje uiweke mfukoni ili asiinakili. Alama ya kalamu nyekundu haina kazi kwenye mchoro wa mtoto wa miaka mitano. Swali la "Hii ni nini?" nalo lina ubaya wake, kwani linamwambia kwamba mchoro haukueleweka, ni afadhali kusema, "Nieleze ulivyochora," naye ataeleza zaidi ya ulichotarajia. Kuna pia ule mchoro ambao watoto wetu hurithishana darasa kwa darasa: milima miwili, jua katikati, nyumba yenye paa la pembetatu. Hapa Morogoro tuna Milima ya Uluguru dirishani, lakini hata hapa mtoto huchora ile milima miwili ya kurithi wala hafanani na mwenye kutazama nje. Siukatazi mchoro huo, kwa sababu unampa mtoto raha na uhakika, ila siku hiyo hiyo huhakikisha anachora pia kitu kimoja alichokishika.

Karibu na miaka minane mambo hubadilika, na mzazi asishtuke. Mtoto aliyeridhika na ndoo yenye mdomo wa duara kamili na kitako kilichonyooka sasa anaitazama na kusema haifanani. Huu ndio wakati wa kumfundisha jicho. Inua ndoo hadi usawa wa macho yake, aone kwamba mdomo wake umekuwa mstari mmoja. Ishushe kidogo, aone duara likianza kufunguka likiwa limebanwa. Iweke sakafuni, aone limefunguka karibu lote. Mwache arudie mwenyewe mara nyingi anavyotaka, kwanza bila kuchora. Baada ya hapo kitako cha ndoo kitaanza kupinda kwenye karatasi yake, na kwa kipindi fulani atachana karatasi nyingi kwa hasira, jambo ambalo halihitaji kutulizwa kwa sifa za uongo. Muulize tu ni sehemu ipi imemkataa, kisha mwekee ndoo tena mbele yake, mahali pale pale alipoiacha.