Maswali ya Wasomaji: Barabara, Bunge na Benchi

SWALI: Husemwa kwamba barabara pana za Paris zilichorwa ili jeshi lizime maasi. Ni kweli, au ni maneno ya kunogesha mazungumzo?

JIBU: Ni kweli, ila si kweli yote. Mfalme wa Ufaransa, Napoleon III, alimkabidhi Georges-Eugène Haussmann, mtawala wa mkoa wa Paris, kazi ya kuujenga upya mji huo mwaka 1853, miaka 5 baada ya mapinduzi ya 1848, ambapo waasi walifunga vichochoro kwa mawe ya barabarani na mikokoteni. Kichochoro cha mita 5 hufungwa na watu wachache. Boulevard de Sébastopol, yenye upana wa mita 30 hivi, haifungiki kirahisi hivyo. Haussmann mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba barabara hiyo ilipasua mtaa wa ghasia na vizuizi. Lakini barabara hizohizo ziliunganisha stesheni za reli, na chini yake yakapita majitaka. Na mwaka 1871 watu wa Komyuni, yaani waasi walioishika Paris kwa muda mfupi, walijenga vizuizi tena, upana usiwazuie.

Ukitaka kupima dai kama hili katika mji wowote, tafuta ramani mbili za kipimo kimoja, ya kabla na ya baada ya ujenzi, uziweke moja juu ya nyingine. Chora kilichobomolewa, kisha uulize nani alikuwa akiishi hapo na alihamia wapi. Angalia barabara inaishia wapi: sokoni, stesheni au kwenye kambi ya askari? Mwishowe soma nyaraka za walioamua. Wengi hukomea kwenye ramani, ndipo wanapokosea: ramani hukuonyesha matokeo, haikuonyeshi nia.

SWALI: Kwa nini wabunge wa nchi nyingine hukaa nusu duara, na wa Uingereza hutazamana?

JIBU: Ukumbi wa Uingereza ulipoteketezwa kwa mabomu Mei 1941, wapo waliotaka umbo jipya. Mwaka 1943 Waziri Mkuu Churchill alishikilia urudishwe ulivyokuwa: mstatili, pande mbili, tena mdogo kuliko idadi ya wabunge. Hata leo una viti 427 kwa wabunge 650. Siku ya hoja nzito wengine husimama, na ukumbi unaonekana umefurika. Siku ya kawaida hauonekani jangwa. Anayehama chama huko huvuka sakafu mbele ya macho ya wote, ilhali katika nusu duara mtu anaweza kusogea kidogokidogo. Maneno "kushoto" na "kulia" katika siasa yametokana na jinsi wajumbe wa Ufaransa walivyojigawa ukumbini mwaka 1789.

Hata hivyo, umbo halileti demokrasia. Mabunge ya kugonga mihuri tu, yanayopitisha kila anachotaka mtawala, nayo hukaa nusu duara, na vizuri sana.

SWALI: Benchi lenye vyuma katikati ni la kuwafukuza wasio na makazi?

JIBU: Mara nyingi, si mara zote. Chuma cha kuegemeza mkono humsaidia mzee kuinuka, na kwa kazi hiyo kimoja kila mwisho wa benchi kinatosha kwa wengi. Vikirudiwa kila sentimita 60 hivi, mtu hukaa lakini hawezi kulala. Kagua pia kama kiti kimeinama mbele, kama kuna kivuli, na kama kingo za ukuta wa jirani zimewekwa miiba. Dalili mbili au tatu zikikutana mahali pamoja, hapo hakuna aliyekuwa akimfikiria mzee.