Swali: Mwalimu, si ni kama jozi ya ndala tu?

Shikamoo mwalimu. Niko fomu siksi hapa Tanga. Zile chembe mbili zilizofungamana za fizikia ya kwantamu (fizikia ya vitu vidogo sana kama elektroni), ukipima moja unaijua nyingine, si sawa na ndala? Moja imebaki nyumbani Chumbageni, nyingine imo kwenye begi, nikitoa ya kulia najua iliyobaki ni ya kushoto. Halafu kuna jamaa stendi anauza bangili za kwantamu, anasema zinashusha presha kwa nguvu hiyohiyo, mama kashanunua.

Marahaba mwanangu. Hiyo ya ndala naulizwa kila mwaka, na ingetosha kama ungekuwa unapima kitu kimoja tu, ila huku kila upande una vipimo viwili na unachagua dakika ya mwisho. Chukua daftari. Majibu ya vipimo vyako viwili yaite A na A', ya upande wa pili B na B', kila moja ni +1 au −1, na tuseme yameshaandikwa toka mwanzo kama ndala zako. Piga AB + AB' + A'B − A'B'. Kusanya upate A(B+B') + A'(B−B'), hapo mabano mamoja lazima yawe sifuri na mengine 2 au −2, kwa hiyo hata urudie mara elfu wastani hauvuki 2. Mlango huo aliufungua mwanafizikia John Bell mwaka 1964. Sasa mwaka 2015 kule Delft, Uholanzi, watafiti wakafunganisha elektroni mbili, kila moja ndani ya almasi yake, umbali wa kilomita 1.3, vipimo vinachaguliwa na kusomwa kabla hata mwanga haujafika ng'ambo, wastani wa hesabu hiyohiyo wakapata 2.42. Ndala haifiki hapo!

Na hawa wa bangili wananiudhi sana maana wanashika neno wanaacha kazi. Raundi za kule Delft zilikuwa 245 kwa saa 220, yaani kama moja kwa saa, tena almasi zimepozwa karibu na nyuzi −269. Bangili inaloa jasho stendi itafunganisha nini na nini? Hata kule Delft, ukitazama upande mmoja peke yake unaona kama mtu anarusha shilingi, hakuna ujumbe unaopita wala nguvu, uhusiano hauonekani mpaka uweke madaftari ya pande zote mbili pamoja. Kwa hiyo mtu akikuuzia maji ya kwantamu, kadi ya kwantamu, sijui mkufu, muulize amepima nini, kwa kifaa gani, kapata namba ngapi.

Mama akivaa bangili sina neno, ila jioni hii muulize taratibu kama vidonge vya presha bado anameza, maana wengi huwa wanaacha kimyakimya.