Saa nne za Jumamosi hazifidii wiki nzima

Usifanye hivyo, ndugu. Umeuliza tandiko gani linafaa na lini uanze kuruka vizuizi, lakini mimi nimekwama pale uliposema farasi wako anasimama bandani Jumatatu hadi Ijumaa, halafu Jumamosi utampanda saa nne mfululizo kufidia. Hesabu hiyo niliipiga mimi. Aliyeilipa ni farasi.

Aliyenifundisha alisema kinachohesabiwa ni jumla ya saa kwa wiki. Nikamwamini, si ndiye mwalimu? Siku tano jike wangu akawa anasimama tu, na nafaka anapewa kipimo kilekile cha farasi anayefanya kazi. Jumamosi nikamtandika na kumtimua mbio bila hata kumtembeza kwanza. Nusu saa haikuisha, hatua za miguu ya nyuma zikaanza kufupika. Jasho likamtoka kupita kazi aliyofanya. Akagoma kabisa. Mwalimu akapaza sauti: "Anakudekea huyo, mchape!" Mnyama wa kilo 500 anadeka! Nami nikamchapa. Fimbo ile inaniuma mpaka leo, maana hakuwa mkaidi. Misuli ya mapaja na matako ilikuwa imekaza, ukiigusa ni ubao. Alipokojoa, mkojo ulikuwa na rangi ya kahawa.

Daktari wa mifugo alipofika, la kwanza alikataza asitembezwe. Misuli ilikuwa ikiharibika, na kinachovuja humo huingia kwenye damu, kikafika kwenye figo na kuweza kuziua. Akaniambia ni maradhi ya zamani sana: farasi wa mikokoteni walipumzika Jumapili huku wakilishwa chakula kamili, Jumatatu wakirudishwa kazini wanakakamaa. Ndiyo maana yakaitwa ugonjwa wa Jumatatu. Yaani waendesha mikokoteni walilijua hili, na mtu anayepokea ada ya kufundisha hana habari! Hasira yangu kwake haijaisha, na sina mpango wa kuimaliza.

Jike alipona, ila polepole mno. Tangu hapo ninayo kanuni moja: kidogo, lakini karibu kila siku. Nusu saa, mara tano kwa wiki, dakika 10 za mwanzo kutembea tu. Siku ya kukosa kupanda, mtoe akatembee uwanjani na umpunguzie nafaka.

Na si misuli yake tu. Katika zile saa nne za Jumamosi zilizotangulia siku ile, baada ya saa ya kwanza nilikuwa nimechoka, naning'inia kwenye hatamu, namvuta kinywa bila kujua. Kila Jumamosi nilikuwa namfundisha kuogopa mkono wangu. Nilipoanza nusu saa za alfajiri, kiuno kikajifunza kufuata mwendo wake na mikono ikatulia.

Kwa hiyo Jumamosi hii usitandike. Anza leo jioni: mvishe kamba, mtembeze dakika 20, na kesho tena. Na nafaka ya usiku huu punguza.