Mwanafunzi wa Tabora, tafuta timu ambayo usipokwenda unaulizwa

Wiki hii nimepokea ujumbe wa msomaji wa mwaka wa kwanza anayesoma hapa Tabora. Katoka mbali, kapanga chumba nje ya chuo, na anasema siku nyingine jina lake halitajwi na mtu isipokuwa kwenye mahudhurio. Anauliza kama ajiunge na timu ilhali hajui sana kucheza, na anahofia michezo itamla muda aje aambulie supu, yaani mtihani wa marudio, mwisho wa muhula.

Mdogo wangu, jiunge, na usingoje muhula wa pili. Ila chagua timu ambayo usipotokea utaulizwa. Hilo liangalie kabla ya jezi na kabla ya jina la timu.

Soka huvuta wengi, na wageni wengi hupotelea humo. Siku ya kwanza wanafika watu arobaini, wanaotakiwa ni 11 na wa akiba wachache, na wale waliowahi kucheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wameshajitambulisha kwa miguu yao. Ukikaa nje wiki tatu, hakuna atakayejua uliacha lini kuja. Kama soka ndiyo roho yako, anzia timu ya darasa au ya hosteli. Kule watu wanahesabiwa, na mara nyingi anatafutwa wa kutimiza idadi.

Mpira wa pete una sheria zinazombeba mgeni. Wachezaji ni 7, kila mmoja ana herufi kifuani na eneo lake la kuchezea. GK, mlinda goli, hawezi kupanda kwenda kufunga, na C, mchezaji wa kati, haruhusiwi kuingia kwenye nusu duara la goli. Mkipungua chini ya watano hamruhusiwi kuanza mechi, kwa hiyo asiyefika anatafutwa kwa simu. Halafu ukidaka mpira unatakiwa uuachie ndani ya sekunde 3, hata fundi wa timu hana budi kukutazama wewe uliye wazi. Wavu nao uko hivyohivyo: wachezaji 6, nafasi zinazunguka, na zamu ya kuanzisha mpira itakufikia upende usipende. Utakosea mbele ya watu, utarekebishwa, na kwa kurekebishwa huko ndipo wataanza kukuita kwa jina.

Jambo la pili ni kuomba kazi. Kila timu ina kazi ambayo hakuna anayeitaka, na mimi ningekushauri uchukue pampu na sindano yake. Mipira mingi ya vyuoni inakufa kwa sababu ya sindano. Ikichomekwa kavu, inachana kile kiraba cha ndani ya tundu, na kuanzia hapo mpira unajazwa saa 10 na kufika saa 11 umelegea. Ilowanishe kwa mate au tone la mafuta, ishike wima, iingize polepole huku ukiizungusha. Ikigoma usiisukume kwa nguvu. Itoe, ilowanishe tena. Usijaze mpaka mpira uwe jiwe, maana ukiachwa juani hewa ya ndani inatanuka na mishono ndiyo inayoumia. Ubonyeze kwa vidole gumba viwili: ukibonyea kidogo na kurudi, inatosha. Mwenye sindano akichelewa dakika kumi, simu yake inaita. Kwa mtu aliyekaa wiki nzima bila kupigiwa, simu hiyo si kitu kidogo.

Sasa habari ya muda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mazoezi ya siku tatu, saa 10:30 hadi saa 12:00 jioni, ni dakika 270; yanatosha kabisa. Tabora tuna bahati, jua letu huzama kama dakika 25 baada ya la Dar es Salaam, hivyo mnamaliza bado kweupe, unaoga, unasali, unakula, na saa 2 usiku uko kwenye daftari. Ratiba ya uwanjani inakulazimisha kujua saa zako za kusoma, kwa sababu zimebaki chache na zina mwanzo na mwisho.

Kinachowaharibia wengi ni kijiwe cha baada ya mazoezi. Watu wanakaa chini ya mwembe wanarudia mechi ya jana hadi saa 3. Sikatai kijiwe, urafiki mwingi unajengwa pale, lakini jiwekee dakika 20 kisha uage. Kosa jingine ni kukata michezo kabisa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ikikaribia. Punguza: siku mbili, dakika 45 kila moja, bila mechi. Anayeacha kabisa kwa wiki nne huona aibu kurudi, na hapo ndipo upweke unapomrudia.

Enka ikiteguka, toka uwanjani. Kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20, mguu uuinue. Ukishindwa kutembea hatua nne, nenda hospitali ya Kitete wakuangalie mfupa. Kisha endelea kuja uwanjani hata ukiwa unachechemea, uandike pointi au ushike kipyenga. Wengi hupotea kwenye timu wakiwa majeruhi kwa sababu hakuna aliyewaambia waje wakae tu.

Na hapa nasema na manahodha na mawaziri wa michezo wa serikali za wanafunzi. Inaniuma kuona daftari la timu lenye majina ya wanaopangwa kwenye mechi tu. Andikeni kila anayekuja mazoezini. Akikosekana mara mbili, mtu aende akagonge mlango wake, asitume meseji kwenye grupu. Na jezi zikiwa chache, wageni wasiwe wa kuachwa bila kitu kila siku. Vizibao vya mazoezi vizungushwe kama nafasi za kwenye wavu.

Wewe uliyeniandikia, Jumatatu fika saa 10:15 na raba zenye soli isiyoteleza na chupa ya maji ya lita moja na nusu, kisha uliza nani anashika pampu.