Mshipa unavuja, au damu imevilia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho, Moshi. Huwa nawaandikia wagonjwa wa kisukari maelezo mafupi ya picha za jicho zinazopigwa baada ya sindano ya rangi. Niliandika "mishipa ya damu inavuja". Mwenzangu kasema mshipa hauvuji, kinachovuja ni damu; bora niandike "damu imevilia". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Sentensi yako haina kasoro. Kuvuja hukubali chombo na kilichomo: ndoo inavuja, maji yanavuja. Methali yenyewe inasema kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Nyumba nayo huvuja, ingawa mvua inatoka nje.

Pendekezo la mwenzako ndilo linalonitia shaka, maana kuvilia ni jambo jingine kabisa. Damu iliyovilia imeshatoka kwenye mshipa na kutuama, kama ile ya ukucha uliobanwa na mlango. Na picha hizo hupigwa, pamoja na mengine, ili kutenganisha hayo mawili. Rangi ya fluoresini huchomwa kwenye mshipa wa mkono, na kwa kawaida baada ya sekunde 10 hadi 15 imeshafika jichoni. Ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani-manjano. Kwenye picha, ambayo huwa nyeusi na nyeupe, hutokea nyeupe. Panapovuja, weupe hutanuka na kingo zake hufifia kadiri dakika zinavyopita. Damu ilipovilia hubaki peusi, kwa sababu damu hiyo huufunika mwanga wa rangi iliyo chini yake. Ukiandika "imevilia" mahali pa "inavuja", umeita nyeupe nyeusi.

Tena kinachovuja kwa mgonjwa wa kisukari mara nyingi ni majimaji ya damu, si damu nyekundu. Kwa hiyo hata "damu inavuja" ya mwenzako siikubali hapa.

Upo weusi mwingine, wa mishipa iliyoziba, rangi isipofika. Huo uandikie "imeziba". "Imezibwa" itamfanya mgonjwa amtafute aliyeiziba. Daktari huutofautisha kwa kutazama picha ya kawaida ya jicho, ambamo damu iliyovilia huonekana nyekundu.

Usifupishe "mishipa ya damu" kuwa "mshipa" tu. Wazee wengi, hasa wa pwani, wakisikia mshipa hufikiria ngiri. Na badala ya "rangi" pekee, andika "dawa ya rangi", kisha umwambie mapema kwamba ngozi itakuwa na umanjano kwa saa chache na mkojo utageuka wa rangi ya chungwa kwa siku moja hivi, asije akadhani ni homa ya manjano.

Mimi ningeandika: "Dawa ya rangi imeonyesha kuwa mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho lako la kulia inavuja majimaji. Pia kuna sehemu moja damu imevilia."